Kumtafuta babu mkulima wa karne ya 19 katika bonde la Semliki: maandishi yaliyopo na namna ya kuyasoma

Katika makanisa yetu ya Kamango, Nobili na vijiji vinavyozunguka, swali moja limerudi mara nyingi tangu watu walipoanza kurejea kutoka ukimbizini: babu zetu waliolima hapa walikuwa nani, na tutajuaje? Tarehe 11 Julai 2013, ADF walipoushambulia mji wa Kamango, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka na kuingia Bundibugyo, Uganda. Waliporudi, wengi hawakuwa na karatasi yoyote mkononi. Wazee waliojua mipaka ya mashamba kwa miti na vijito walikuwa wamepungua. Vijana wanaulizwa kwenye barza, «Wewe ni mtoto wa nani, na babu yako alitoka wapi?» Wengi wanaishia kwa jina la babu mmoja tu.

Ndiyo maana tumeona vema kuandika mwongozo huu. Unahusu namna ya kumfuata mkulima aliyeishi katika bonde la Semliki kabla ya mwaka 1900, kwa kutumia maandishi ya serikali, ya wasafiri na ya makanisa, pamoja na masimulizi ya ukoo. Tunaandika hasa kwa ajili ya usultani wa Watalinga, lakini njia hii inaweza kutumiwa pia na ndugu wa Bashu, wa sekta ya Ruwenzori, wa Beni-Mbau, na hata wa Boga ng'ambo ya mto.

Kwa nini jina lake halimo katika vitabu vya wakati ule

Ndugu zetu walioko Ulaya wanaweza kumfuata babu mkulima kwa vitabu vya serikali vya mwaka 1850: kuzaliwa, kuoa, kufa, kodi ya shamba. Kwetu haikuwa hivyo. Dola Huru ya Kongo ya mfalme Léopold wa Pili ilianza mwaka 1885. Sheria yake ya raia ya mwaka 1895 ilipanga vitabu vya kuzaliwa, ndoa na vifo, lakini kwa Wazungu na kwa Waafrika wachache tu walioandikishwa kwa utaratibu maalumu. Mkulima wa migomba chini ya Rwenzori hakuhesabiwa humo.

Kuna kanuni moja inayosaidia kuelewa maandishi yote ya wakati ule: aliyeandikwa jina ni yule aliyelipwa, aliyehukumiwa, aliyetia sahihi mkataba, au aliyebatizwa. Mpagazi wa Unguja aliyesafiri na Stanley aliandikwa katika orodha ya mishahara. Chifu aliyepokea bendera aliandikwa katika ripoti. Mkulima aliyewalisha wote wawili kwa ndizi zake hakuandikwa.

Basi kazi ina sehemu mbili. Kwanza, kumjua mtu kwa kurudi nyuma kutoka kwa walio hai hadi vitabu vya karne ya 20. Pili, kuyajua mazingira aliyoishi kwa kusoma maandishi ya karne ya 19. Sehemu ya kwanza hutoa jina, na ya pili hutoa mwaka. Tukizikutanisha, mtu wetu anaanza kuonekana.

Anza na walio hai

Usianzie Brussels wala Kampala. Anzia nyumbani, kwa mzee wa ukoo, tena kwa bibi kabla ya babu. Mara nyingi mama aliyeolewa kutoka ukoo mwingine anakumbuka vizuri kuliko wenyeji, kwa sababu alilazimika kujifunza majina ya ukoo wa mume wake akiwa mtu mzima.

Uliza mambo haya na uyaandike siku hiyohiyo:

1. Jina kamili la kila mtu, pamoja na jina la nyumbani, jina la utani na jina la ubatizo.
2. Ukoo wa baba na ukoo wa mama.
3. Kijiji, kilima au kijito alipolima, na alipozikwa.
4. Mke au wake, na ukoo wao.
5. Alihama mara ngapi, kutoka wapi, na kwa nini.
6. Tukio kubwa lililotokea alipokuwa mtoto, alipooa, na alipofariki.

Swali la sita ndilo linalotoa tarehe. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa kalenda, lakini walikumbuka mambo. Haya ni baadhi ya matukio yanayojulikana kwa mwaka: msafara wa Stanley (1889), vita vya Wajerumani, watu walipochukuliwa kuwa wapagazi (1914 hadi 1918), homa kubwa iliyofuata vita hivyo (1918 na 1919), kuundwa kwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga (1925), uhuru (1960), uasi wa Simba (1964), kubadilishwa majina siku za Mobutu (1972). Mzee akisema, «Baba alizaliwa wazungu walipokuwa wanapiga mpaka,» amekupa kipindi unachoweza kukitafuta katika maandishi.

Sikiliza watu wawili au watatu, kila mmoja peke yake. Wakipatana, vema. Wakipishana, andika yote mawili na majina ya waliosema, usiyachanganye kuwa moja. Injili nne hazikuyafuta maneno ya kila shahidi ili kupata habari moja laini, na kanisa limenufaika kwa hilo.

Maandishi ya karne ya 19 yanayogusa bonde letu

Mnamo Mei 1889 msafara wa Henry Morton Stanley, ukiwa na Emin Pasha na watu zaidi ya elfu moja, uliuvuka mto Semliki na kushika njia ya kusini, chini ya ubavu wa magharibi wa Rwenzori. Ulipita katika misitu na mashamba ya watu aliowaita Awamba, kisha kwa Wakonjo, hadi ziwa Edward. Mwezi Juni mmoja wa maofisa wake, Stairs, alipanda mlima hadi kimo cha zaidi ya futi 10,000 akashindwa kufika kwenye theluji. Stanley alitoa kitabu chake mwaka 1890, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji.

Mwaka 1891 Emin Pasha alirudi pamoja na Mjerumani Franz Stuhlmann. Walitoka upande wa ziwa Edward wakapanda kaskazini, na Stuhlmann akaupanda mlima kwa bonde la Butahu. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1894, kikiwa na maelezo mengi ya nyumba, vyombo na mazao. Mwaka huohuo wa 1891 Mwingereza Frederick Lugard alimrudisha Kasagama katika kiti cha Toro, akajenga ngome, na kupita kwenda kuwachukua askari wa Sudani waliokuwa wameachwa karibu na ziwa Albert. Kitabu chake ni cha mwaka 1893.

Katika vitabu hivi tutafute nini? Jina la babu halimo, ila mambo matatu yamo. La kwanza ni shamba: migomba ndiyo inayotajwa kila mahali, na misafara iliishi kwa kukata mikungu ya ndizi ya watu. Kakao, ambayo leo ndiyo fedha ya Watalinga, haimo, kwa sababu ni zao la karne ya 20. Masimulizi yanayosema babu wa mwaka 1880 alipanda kakao yanahitaji kupimwa tena. Labda anayetajwa ni mjukuu wake.

La pili ni hofu. Stanley anawataja mara nyingi Warasura, yaani askari wa Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyetawala tangu miaka ya 1870 hadi alipokamatwa na Waingereza mwaka 1899. Upande wa magharibi, katika misitu ya Ituri, walikuwako watu wa Ugarrowwa na Kilonga-Longa, wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliotoka Manyema na pwani. Mwaka 1897 askari wa Dhanis walioasi nao walipita katika misitu hiyo wakielekea kusini. Mkulima wetu alilima katikati ya moto pande zote. Ukoo unaosema, «Tulihamia huku kwa kukimbia,» unasema jambo ambalo maandishi ya wakati ule yanalithibitisha.

La tatu ni lugha. Kiswahili tunachohubiria leo kilifika pande hizi kwa njia ya wapagazi, wafanyabiashara na askari haohao. Ni historia yenye machozi ndani yake, na si vibaya tuikumbuke tunapofungua Biblia.

Mpaka uliohama

Watu wengi hutafuta nyaraka upande mmoja tu wa mpaka na kukata tamaa. Ni lazima kujua kwamba mpaka wenyewe haukukaa mahali pamoja.

Mkataba wa Mei 1894 kati ya Uingereza na mfalme Léopold uliuweka mpaka kwenye mstari wa nyuzi 30 mashariki. Katika karatasi, mstari ulikuwa wazi. Katika bonde, hakuna aliyejua ulipita wapi, na ramani zilikosea mahali pa Rwenzori penyewe. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilikuja kupima mwaka 1907 na 1908. Ndipo mkutano wa Brussels wa mwaka 1910 ulipoamua kufuata mlima na mito. Leo mpaka unapita kilele cha Margherita, unashuka kwa mto Lamia, kisha unafuata Semliki hadi ziwa Albert.

Maana yake kwa mtafutaji ni hii: kabla ya mwaka 1910 sehemu ya watu wa bonde, hasa pande za Boga, walihesabiwa na Waingereza kuwa chini ya Toro. Habari zao zinaweza kuwamo katika maandishi ya Uganda. Nyaraka za Taifa za Uganda zilikaa Entebbe kwa miaka mingi na sasa ziko Kampala. Nyaraka za wilaya ya Toro zilipigwa picha na kuhifadhiwa kwa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, na huko ni karibu kuliko Kinshasa kwa mtu wa Kamango. Ukoo wenye ndugu Bundibugyo usiiache njia hii. Msomi Edward Winter aliandika mwaka 1956 kitabu juu ya jamii ya Bwamba na jinsi ukoo wa baba unavyopangwa, na mwaka 1959 akatoa kingine chenye masimulizi ya maisha ya watu wa huko. Wazee aliowasikiliza walikuwa wamewajua watu wa karne ya 19 kwa macho.

Vitabu vya makanisa

Kwa wengi wetu kitabu cha kwanza kilichoandika jina la mkulima kama mtu, wala si kama mtoa kodi, ni kitabu cha ubatizo. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyebatizwa mwaka 1895, alifika Boga mwaka 1896 na kuianzisha kazi ya Kanglikana upande huu wa Semliki. Alifariki hukohuko tarehe 30 Mei 1933. Barua na ripoti za wamisionari wa Church Missionary Society waliofanya kazi pamoja naye zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na nyaraka za Kanisa la Uganda ziko Mukono.

Upande wa Wakatoliki, mapadri wa Moyo Mtakatifu walifika Beni mapema katika karne ya 20, na Waasumpsionisti walifika mwaka 1929. Kazi za Kiprotestanti ambazo zimezaa jumuiya zetu za CECA 20 na CBCA zilienea katika Beni na Butembo hasa tangu miaka ya 1920 na 1930. Msione haya kuuliza kwa jirani. Babu wa mchungaji anaweza kuwa amebatizwa parokiani, na babu wa katekista anaweza kuwa amebatizwa kwetu.

Katika kitabu cha ubatizo soma mstari mzima, usiishie kwenye jina la mbatizwa. Tazama jina la baba, jina la mama, kijiji, jina la mdhamini, na alama inayoonyesha kama mzazi alikuwa hai. Mtu mzima aliyebatizwa mwaka 1935 akikadiriwa kuwa na miaka 50 alizaliwa karibu na mwaka 1885, na baba yake anayetajwa kando ndiye mkulima unayemtafuta. Kwa njia hiyo kitabu cha karne ya 20 kinafungua mlango wa karne ya 19.

Vitabu vya serikali ya Wabelgiji

Amri ya mwaka 1891 ya Dola Huru ilianza kuwatambua machifu. Amri za tarehe 2 Mei 1910 ziliweka utaratibu mpana zaidi wa usultani pamoja na kodi ya fedha kwa kila mwanaume. Mtu aliyetaka kukaa nje ya usultani wake alihitaji karatasi ya ruhusa. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilipanga upya tawala za kijadi. Kwa kila hatua hiyo ofisa alipaswa kufanya uchunguzi: ukoo gani ulitangulia, nani alimrithi nani, mipaka iko wapi. Ripoti hizo zina nasaba zilizosemwa na wazee waliozaliwa miaka ya 1850 na 1860.

Nakala zinaweza kutafutwa mahali patatu: ofisi ya teritwari na ya usultani, Taasisi ya Taifa ya Nyaraka (INACO), Kinshasa, na Nyaraka za Serikali ya Ubelgiji, Brussels, ambako nyaraka za ile iliyokuwa Wizara ya Makoloni zimehamishiwa. Ndugu aliye Ulaya anaweza kutumwa kwa kazi hii, lakini mpeni orodha ya majina ya ukoo, vijiji na miaka. Akienda na neno «babu yetu» peke yake atarudi mikono mitupu.

Zisomeni ripoti hizi kwa akili. Ofisa aliuliza kwa kupitia mkalimani, na aliyejibu mara nyingi ni yule aliyetaka kuwa chifu. Jambo lililoandikwa kwa mashine ya chapa linaweza kuwa madai ya upande mmoja. Vilevile, katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale na upanuzi wa hifadhi viliwaondoa watu katika sehemu za bonde. Kijiji kinachoonekana katika kitabu cha kodi cha 1950 huenda si mahali pa mababu, bali ni mahali walipopangwa kukaa.

Mitego ya majina

Msafiri aliandika alivyosikia. Rwenzori ni Ruwenzori kwa Stanley na ni Runssoro kwa Stuhlmann. Watu wa Bwamba ni Awamba. Kabla ya kusema jina halipo, litamke kwa sauti katika namna nne au tano, kwa B na kwa V, kwa L na kwa R, kwa Ba- na kwa Wa-.

Majina ya kufuatana kwa kuzaliwa ni mtego mwingine. Kwa ndugu zetu Wanande, Kambale, Kasereka, Kakule na Katembo huonyesha nafasi ya mtoto wa kiume tumboni mwa mama yake. Kwa wasichana kuna Masika na wenzake. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na Kambale thelathini. Hivyo jina bila ukoo na bila mahali halimtambulishi mtu. Tena, kwetu mtoto hachukui jina la baba kwa lazima, basi majina mawili tofauti yanaweza kuwa baba na mwana, na majina mawili yanayofanana yanaweza kuwa watu wasiojuana.

Mwisho, kumbukeni mwaka 1972. Serikali ya Zaire ilipokataza majina ya Kikristo, mtu aliyebatizwa Yohana mwaka 1950 alipata kadi isiyo na jina hilo. Anayetafuta lazima ashike majina yote mawili.

Mfano wa hesabu

Tuchukue Mkristo aliyezaliwa mwaka 1970, anayemtafuta babu wa babu yake. Ni vizazi vinne. Kizazi kimoja huwa kati ya miaka 25 na 35. Akihesabu kutoka kwake mwenyewe, babu wa babu alizaliwa kati ya 1830 na 1870: nafasi ya miaka 40.

Sasa anapata kadi ya baba yake, aliyezaliwa 1938. Vimebaki vizazi vitatu. Babu wa babu alizaliwa kati ya 1833 na 1863: miaka 30. Kisha anapata kitabu cha ubatizo kinachomwonyesha babu yake kuwa mzaliwa wa karibu na 1910. Vimebaki vizazi viwili: kati ya 1840 na 1860, miaka 20. Kila karatasi imepunguza giza. Akisikia pia kwa bibi kwamba mzee huyo alikuwa tayari na watoto msafara wa Stanley ulipopita, habari inakubaliana na hesabu. Hapo anaweza kuandika: «Alizaliwa karibu na mwaka 1850.» Neno «karibu na» lisiondolewe kamwe. Miaka ya kuzaliwa katika vitabu vya zamani mara nyingi ilikadiriwa na karani kwa kumtazama mtu usoni.

Nasaba na shamba

Tuseme wazi, kwa kuwa hapa ndipo damu inapoweza kumwagika. Sheria ya Dola Huru ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Shamba lililopumzishwa, msitu wa kuwinda na makaburi yaliyoachwa vilionekana kuwa vitupu machoni pa mgeni. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya serikali, lakini inazitambua ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji, yaani zile wanazoishi, wanazolima au kuzitumia kwa desturi. Kifungu cha 389 kinaacha haki hizo zipangwe kwa amri ya Rais.

Kwa hiyo nasaba iliyoandikwa vizuri ina nguvu ya ushahidi mbele ya wazee na mbele ya tribinali, lakini si hati ya shamba. Inaonyesha kwamba ukoo ulikuwapo na ulilima. Haisemi kwamba jirani hana haki. Katika bonde ambalo kila ukoo umehama walau mara moja, neno «tulitangulia» linaweza kusemwa na wengi, na wote wakawa na sehemu ya ukweli.

Kwa watoto wanaozaliwa leo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka kuzaliwa kuandikishwe katika siku 90. Baada ya hapo ni lazima kupitia tribinali. Tunayalilia maandishi ya babu. Tusiwaachie wajukuu kilio kilekile.

Maandiko yanasemaje

Biblia inaipa nasaba heshima na pia inaiwekea mpaka. Katika Ezra 2 na Nehemia 7 wapo waliorudi kutoka uhamishoni wasiweze kuonyesha nyumba ya baba zao. Angalieni: waliandikwa vilevile. Idadi yao imo katika orodha ya waliorudi. Hawakufukuzwa njiani. Makanisa yanayopokea watu waliopoteza karatasi zao yasome sura hizo taratibu.

Katika Hesabu 27 binti za Selofehadi walidai jina la baba yao lisipotee kwa sababu hakuwa na mwana, na Bwana akasema wana haki. Basi daftari la ukoo lisilo na mabinti halijakamilika. Katika 1 Wafalme 21 Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake, na aliuawa kwa barua zilizotiwa muhuri wa mfalme. Muhuri ulikuwa wa kweli na maneno yalikuwa ya uongo. Mchungaji anayeombwa kutia muhuri wa kanisa kwenye nasaba ambayo hakuichunguza amkumbuke Yezebeli.

Mathayo 1 inamweka Ruthu Mmoabu katika ukoo wa Mwokozi. Ukoo wa Kristo mwenyewe una mgeni ndani yake. Na Paulo anawaonya Timotheo na Tito wasizame katika nasaba zinazoleta mabishano. Tunazitafuta ili kuheshimu na kushukuru. Zikianza kutumiwa kuwatenga watu, zimeacha kumtumikia Mungu.

Kazi ya kanisa mahalia

Tunapendekeza mambo manne. Kila parokia iteue watu wawili, mzee mmoja na kijana mmoja, wa kuwasikiliza wakongwe na kuandika. Vitabu vya ubatizo vya zamani vipigwe picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, na nakala iwekwe nje ya eneo la vita, Butembo au Bunia. Kitabu chenyewe kisitolewe kwa mtu binafsi. Na kila daftari la ukoo liwe na sehemu mbili zilizo wazi: yaliyoandikwa na yaliyosimuliwa, pamoja na jina la aliyesimulia.

Katika Yeremia 32, Yerusalemu ikiwa imezingirwa na adui, nabii alinunua shamba la Anathothi, akamwambia Baruku aziweke hati katika chombo cha udongo ili zikae siku nyingi. Aliyafanya hayo wakati shamba lenyewe lilikuwa mikononi mwa majeshi. Sisi nasi tunajua mashamba ambayo hatuwezi kuyafikia kwa sasa. Daftari, picha katika simu, sanduku la bati lisiloingia maji: hivyo ndivyo vyombo vyetu vya udongo. Mzee aliye hai wiki hii aulizwe wiki hii.